Siku Kumi na Moja za Mama Sang-uk

Kama umewahi kuoga kwenye hamamu ya Eunha hapa Jecheon, upande wa wanawake, basi mikono ya Mama Sang-uk imeshapita mgongoni mwako na huna siri tena kwake. Anajua nani alizaa kwa kupasuliwa, nani aliungua na supu utotoni, nani amenenepa tangu mumewe astaafu akawa anashinda nyumbani. Jina lake la kwenye kitambulisho ni Pyo Geum-rye, lakini hilo huitwa benki na zahanati tu. Sisi wa mtaani tunamwita kwa jina la mwanawe wa pekee.

Kazi yake ni kuwatoa watu nongo. Unajiloweka kwanza kwenye maji ya moto mpaka ngozi ilainike, halafu unapanda kwenye kitanda chake cha plastiki, naye anavaa kile kitambaa cha kijani chenye kukwaruza, kinachoingia mkononi kama soksi, na kuanza. Akitaka ugeuke hakuambii kitu. Anakupiga kofi moja pajani, pwaa, nawe unageuka. Mdomo wake unakuwa kwenye mambo mengine kabisa.

"Dada, hizi nongo ulikuwa unaziwekea akiba? Zingetosha kupanda viazi."

Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, siku zote isipokuwa zile Jumanne mbili za mwezi ambazo hamamu hufungwa.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka sitini na minne, na kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu. Alitaka kumbeba mjukuu wake.

Sang-uk na mkewe Yeo-jin wanakaa Wonju, si mbali kwa basi. Mtoto wao wa kike, Seo-dam, alizaliwa mwishoni mwa Agosti kabla siku zake hazijatimia, kadogo, mikono kama ya kuku aliyenyonyolewa manyoya. Bibi yake alikuwa amemwona mara mbili, na mara zote mbili nyuma ya kioo, muuguzi akimnyanyua upande wa pili kama mtu anayeonyesha samaki sokoni. Daktari wa watoto akasema wageni wasimkaribie mpaka atimize siku mia. Na siku ya mia kwetu Korea ni siku kubwa hata daktari asiposema neno. Ndiyo siku ya kupika mkate mweupe wa mchele kwa mvuke na kuugawa nyumba mia, mtoto apate umri mrefu. Kwa hiyo mambo mawili yakaangukia siku moja, Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Siku hiyo mlango ungefunguliwa, na Mama Sang-uk angenyoosha mikono.

Alikuwa akizihesabu kwenye kalenda ya ukutani pale kaunta, kila siku alama ya kalamu nyekundu. Mwenye hamamu, Bi Jong-suk, ambaye huketi hapo akitoa taulo na funguo za makabati, alikuwa akimtania kila asubuhi.

"Mama Sang-uk, wateja wanadhani tunahesabu siku za kufunga biashara."

"Waambie tunahesabu siku za kuishi."

Oktoba ilipoanza, Yeo-jin akapiga simu.

"Mama, umeshakula?"

"Nimekula. Mtoto kala?"

"Kala, kalala. Mama, kuna jambo naona haya kulisema."

"Sema tu."

"Daktari anasema mtoto hawezi kuchomwa sindano ya homa ya mafua mpaka afikishe miezi sita. Kwa hiyo sisi tunaomzunguka ndio tuchomwe badala yake. Mimi nimechomwa, Sang-uk kachomwa. Baba na mama wa huku kwetu nao wamechomwa."

"Wazazi wako? Wameshachomwa?"

"Wiki iliyopita, Mama."

Hilo la wazazi ndilo lililomkaa kooni. Akasema, "Nitachomwa, nitachomwa," akakata simu, akamgeukia Bi Jong-suk.

"Miaka ishirini na miwili nasafisha watu, leo mimi ndiye mchafu?"

"Hajasema mchafu. Kasema sindano."

"Ni yale yale."

Sasa lazima niwaambie kwa nini alikuwa na kinyongo na sindano hiyo. Miaka sita nyuma aliwahi kuchomwa, akatoka zahanati akaenda moja kwa moja kazini, akashinda kwenye maji, na siku ya tatu akaanguka na mafua ya kupiga chafya mpaka mbavu zikauma. Tangu hapo kila aliyelala kwenye kitanda chake alisikia habari hiyo: sindano ya mafua huleta mafua. Alikuwa na dawa yake mwenyewe. Mafua yakikuanza, unakunywa bakuli la supu ya machipukizi ya soya uliyomwagia pilipili ya unga vijiko vitatu, unaingia kwenye chumba cha joto cha hamamu, unakaa mpaka jasho likutoke kwenye visigino, halafu unasuguliwa, unalala. Amewafundisha watu wengi, na wengi walipona. Wangepona hata bila supu, lakini nani wa kubishana na mtu aliyeushika mgongo wako?

Basi Oktoba ikapita. Jumanne za kufunga zilikuja na kuondoka. Moja alifua mapazia, nyingine alikwenda kumsaidia jirani kuchuma pilipili za mwisho. Ikaingia Novemba, msimu wa kutengeneza kimchi, kabeji ya kuchachusha, ya kutosha baridi nzima. Wanawake wa mji mzima waliinama siku tatu nne juu ya mabeseni ya kabeji, wakatia chumvi, wakaosha, wakapaka viungo, na walipoinuka migongo haikuinuka nao. Wote wakaja Eunha. Kwa msuguaji huo ndio msimu wa mavuno, na hakuna anayekosa hata nusu siku.

Katikati ya Novemba, Yeo-jin akapiga tena. Mama Sang-uk alikuwa na mtu kitandani, mikono imejaa sabuni, kwa hiyo Bi Jong-suk akamshikia simu sikioni.

"Mama, ile sindano..."

"Nimeshachomwa!"

"Lini, Mama?"

"Zamani! Ngoja nimalize mtu hapa, analowa."

Bi Jong-suk akaiondoa simu taratibu, akaifuta maji kwa sketi yake, akamkazia macho.

"Umechomwa lini wewe?"

"Kesho."

Aliyekuwa amelala kitandani akacheka mpaka akateleza. Mama Sang-uk hakucheka. Usiku wa kwanza alijiambia ni neno tu. Wa pili, alijiambia kwamba neno ukilifuata na kitendo linakuwa kweli, hata kama limetangulia kidogo. Kwa hiyo Jumanne iliyofuata, hamamu ilipofungwa, alivaa koti akaenda zahanati ya daktari Noh pale njia panda.

Muuguzi aliyemkunjia mkono wa shati alikuwa binti ambaye yeye mwenyewe alimsugua tangu akiwa shule ya msingi.

"Mama Sang-uk! Leo wewe ndiye unayevua nguo?"

"Choma, usiongee."

Akamchoma. Akambandikia plasta, akamwambia akae dakika ishirini asije akaona kizunguzungu, kisha akasema, mara mbili, lile wanalosema kwa kila mtu: "Na leo usioge, pumzika."

"Mwanangu, unajua nafanya kazi wapi?"

"Ndiyo maana nimerudia mara mbili."

"Leo tumefunga. Haya niambie, inaanza kufanya kazi lini?"

"Kama baada ya wiki mbili hivi mwili unakuwa tayari."

Mama Sang-uk akahesabu kwa vidole kuanzia Jumanne ile mpaka Jumamosi ya mia. Akahesabu tena akianzia kidole kingine. Zilikuwa kumi na moja.

"Kumi na moja si karibu na kumi na nne?"

"Karibu, ndiyo."

"Basi inatosha."

"Mama, hili si basi la Wonju ukamwomba dereva akusubiri. Ungekuja Oktoba."

Akarudi nyumbani, akaketi sakafuni panapopashwa moto kwa chini, mkono unamuuma pale juu, mwili haujaguswa na maji siku nzima. Alisema baadaye kwamba alijikuna kama mbwa. Kesho yake akarudi kazini. Siku ya tatu ikaja, ile aliyokuwa akiiogopa. Hakupiga chafya. Ya nne hakuna kitu, ya tano hakuna kitu. Siku ya sita akaanza kuringa.

"Sindano gani ile," akawaambia wateja. "Hata mbu ana nguvu zaidi."

Akaenda sokoni kwenye mashine ya mchele, akaagiza mkate mweupe vifurushi mia vipelekwe Eunha Jumamosi asubuhi, ili hamamu nzima ile mkate wa Seo-dam, na mwingine apeleke Wonju mwenyewe kwa mkono. Akatoa kabatini nguo yake ya kijivu ya harusi ya mwanawe. Kila kitu kilikuwa tayari.

Siku ya nane ilikuwa Jumatano, na Jumatano ni siku ya Bibi Ma.

Bibi Ma Sun-deok ana miaka themanini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa hajawahi kukosa Jumatano yake. Siku hiyo aliingia amejitanda shali mbili, mashavu mekundu kama mtu aliyepigwa na upepo.

"Mama Sang-uk, baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa. Nimekuja tutoe jasho, kama ulivyonifundisha."

Bi Jong-suk akachungulia kutoka kaunta. "Bibi, si ungepitia kwa daktari kwanza?"

"Daktari anasugua mgongo?"

Mama Sang-uk, nawaambia, alimkumbuka yule muuguzi. Aliniambia mwenyewe kwamba sauti ya yule binti akisema wiki mbili ilimpitia sikioni. Lakini mwili wa mtu uliozoea jambo miaka ishirini hausubiri kichwa. Alikuwa ameshamshika Bibi Ma kwapani, ameshafungua mlango wa chumba cha joto, wameshaketi wawili kwenye ubao, robo saa nzima, mvuke umewafunika, Bibi akikohoa kifua kizima na yeye akimfuta pua kwa taulo. Kisha akampandisha kitandani akamsugua mbele na nyuma.

"Bibi, leo unachemka. Utaniunguzia kitambaa."

"Si moto wako huo wa chumbani? Sugua hapo chini ya bega. Hapo hapo. Ah."

Akatoka hapo akisema amepona. Watu wawili wakamshika mkono mpaka kwenye viatu.

Ijumaa alfajiri, Mama Sang-uk aliamka meno yakigongana. Alidhani dirisha limebaki wazi. Akasimama kulifunga, akakuta limefungwa. Misuli yote ilimuuma, hata ile ya vidole asiyojua kama anayo. Siku ya mia ilikuwa kesho yake.

Akafanya anachokijua. Akachemsha supu ya machipukizi, akamwaga pilipili si vijiko vitatu, vinne. Akajikokota mpaka Eunha kabla ya kufunguliwa, akaingia chumba cha joto peke yake, akakaa akihesabu mpaka mia tano. Alipotoka, sakafu ilikuwa inatembea. Bi Jong-suk aliyekuwa akipanga taulo alimdaka akiwa ameshapiga goti moja chini.

"Wewe! Una nini?"

"Nimetoa jasho. Sasa hivi itaisha."

"Itaisha nini?" Akaleta kipimajoto, akamchomeka kwapani, akasoma, akakisoma tena akiwa amevaa miwani. "Thelathini na tisa kasoro kidogo. Umechemka kama mchele."

Wakiwa hapo hapo sakafuni, simu ya kaunta ikalia. Alikuwa mkwe wa Bibi Ma. Bi Jong-suk alisikiliza muda mrefu akisema "ndiyo" na "aigo, masikini", kisha akaiweka simu chini na kubaki akiiangalia.

"Bibi Ma amelazwa tangu jana jioni. Ni homa ya mafua, wamempima. Daktari wa kule ameuliza ni nani aliyemwingiza mgonjwa wa homa kwenye chumba cha joto, mzee wa umri ule, mwili umekauka hivyo."

"Umejibu nini?"

"Sikuulizwa mimi. Aliulizwa mkwe wake. Kasema Bibi alikwenda mwenyewe, alifundishwa."

Mama Sang-uk aliomba barakoa, akavaa, akaenda zahanati.

Muuguzi yule yule akamwingizia kijiti puani mpaka machozi yakamtoka. Baada ya dakika kumi akaitwa ndani kwa daktari Noh, mzee mpole anayeongea akiangalia karatasi.

"Ni homa ya mafua."

"Lakini nimechomwa sindano! Muulize huyu, alinichoma mwenyewe."

"Siku ngapi zimepita?"

"Kumi."

"Na huyo mgonjwa ulikaa naye lini?"

"Jumatano."

"Basi zilikuwa nane. Mwili ulikuwa bado unajiandaa. Na hata ukijiandaa vizuri, mwingine bado hupata, ila kwa kawaida haimkamati vibaya." Akaandika. "Vidonge asubuhi na jioni, siku tano, usiruke hata kimoja. Maji mengi. Ukae nyumbani. Na hicho chumba cha joto ukisahau."

"Daktari, kesho nina shughuli Wonju. Saa chache tu. Mjukuu wangu anatimiza siku mia."

Daktari Noh akaweka kalamu chini na kwa mara ya kwanza akamwangalia usoni.

"Hapana."

Akarudi nyumbani, akameza kidonge cha kwanza na kile cha kushusha homa, akalala. Sasa sikilizeni, kilichofuata ndicho kigumu. Jioni aliamka amelowa jasho, kichwa kimekuwa chepesi. Akajipima. Thelathini na saba na kidogo. Koo linauma, lakini miguu inasimama. Ile nguo ya kijivu ilikuwa imetundikwa mlangoni, inamtazama. Simu ikalia, na alikuwa Sang-uk.

"Mama, nije nikuchukue kesho saa nne? Nimeomba gari la rafiki yangu."

"Njoo," akasema. Ndivyo alivyosema. Njoo.

"Sauti imekauka."

"Nimepiga kelele sana kazini."

Akaweka simu. Akajiambia atavaa barakoa mbili. Atamshika mtoto kwa dakika moja tu, upande wa miguu. Huko Wonju hakuna anayejua. Anaonekana mzima, na kwa hesabu yao alishachomwa tangu zamani. Akapiga simu kwa Bi Jong-suk amweleze jinsi ya kugawa mkate asubuhi.

"Bibi Ma anaendeleaje?" akauliza mwishoni, kwa kuuliza tu.

"Nimetoka kumwona, kwa mlangoni. Yuko kwenye dripu. Hawezi kunyanyua kichwa anywe maji, wanamwekea mrija mdomoni."

"Bibi Ma? Huyu huyu wa juzi, aliyetengeneza kimchi ya kabeji arobaini?"

"Huyo huyo. Naye alichomwa sindano tangu Oktoba, daktari anasema pengine ndiyo iliyomsaidia hali isiwe mbaya zaidi. Mama Sang-uk, upo?"

"Nipo."

Akakaa. Akaitazama mikono yake, nyeupe, iliyokunjamana ncha za vidole kama figili iliyolowekwa. Juzi ilimshika mwanamke wa kilo hamsini, ikambeba, ikamfuta pua. Kisha akafikiria yule mtoto mwenye mikono ya kuku, asiyeweza kuchomwa chochote. Akapiga simu, si kwa mwanawe.

"Yeo-jin."

"Mama! Tunakungoja. Sauti yako vipi?"

"Nina homa ya mafua. Nimepimwa leo. Kesho siji."

Upande wa pili ukasikika mtoto akinyonya, ule mlio mdogo wa kumeza.

"Pole, Mama. Lakini si ulichomwa zamani..."

"Sikuchomwa zamani. Nilikudanganya. Siku uliyoniuliza nilikuwa bado. Nilichomwa Jumanne ile ya wiki iliyopita."

Mtoto akamaliza kunyonya, akacheua.

"Mama, Sang-uk kaniambia sasa hivi kwamba mmeelewana aje saa nne."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakuja."

"Nilikuwa nakuja. Nguo imetundikwa hapa."

"Mama, nimekasirika. Nakwambia ili ujue."

"Kasirika. Una haki."

"Nimekasirika sana." Akavuta pumzi. "Umekula?"

"Nimekula uji."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Mama! Mtu na homa anakula uji na chumvi?" Na hapo, kwa sauti ile ile ya hasira, akaanza kumwambia anywe nini na ajifunike vipi, mpaka Mama Sang-uk akashindwa kujua kama anagombezwa au anauguzwa.

Jumamosi mkate ulifika Eunha ukiwa moto. Bi Jong-suk alimpa kila aliyeingia kifurushi, akisema, "Ni wa mjukuu wa Mama Sang-uk, mia leo." Na kwa kuwa chombo cha mkate wa siku ya mia hakirudishwi kitupu, wanawake waliacha vitu kaunta: vifundo vya uzi mweupe wa umri mrefu, mchele ndani ya kikombe, mmoja aliacha soksi ndogo. Walipouliza mwenyewe yuko wapi, walijibiwa bila kufichwa. Amelala, homa ya mafua. Alisubiri mno kuchomwa.

Mwenyewe alikuwa sakafuni chini ya blanketi, homa imerudi, jasho linamtoka bila chumba chochote. Saa saba Sang-uk akamtumia picha. Seo-dam ameegemezwa mto mbele ya mkate mweupe, amekunja uso. Pembeni ya picha kulionekana mkono wa mtu ukimshika mgongo asianguke. Ulikuwa wa mama yake Yeo-jin. Mama Sang-uk akaikuza picha, akautazama mkono huo kwa muda mrefu.

"Mkavu kwenye kiwiko," akasema peke yake. "Anahitaji kusuguliwa."

Halafu akalia kidogo. Akameza kidonge cha kushusha homa.

Saa kumi kengele ya mlango ikalia, na alipofungua hakukuwa na mtu. Sang-uk alikuwa ameshashuka ngazi, anapunga mkono kutoka chini. Kwenye kitasa kulining'inia mfuko: supu ya mwani kwenye kopo, mkate mweupe, matonge ya mtama yaliyoviringishwa kwenye maharage mekundu, na karatasi ya mwandiko wa Yeo-jin. *Mama, nimemuuliza daktari wa mtoto. Maliza dawa, homa iishe kabisa, tuongeze siku za kutosha. Njoo Jumapili ya tarehe kumi na tisa. Itakuwa siku ya mia na kumi na tano. Uzi wa watu wa hamamu uje nao.*

Bibi Ma aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku nane, amepungua, ameegemea fimbo. Mama Sang-uk alipokwisha kupona alimpelekea uji wa malenge.

"Nilikuponza, Bibi."

"Nilikuja kwa miguu yangu." Bibi Ma akala kijiko. "Mafua yakinishika tena nije?"

"Ukija nitakufukuza."

"Mimi? Mteja wa miaka kumi na tisa?"

"Na taulo nitakunyang'anya."

Sasa ukiingia Eunha utakuta juu ya kile kitanda karatasi iliyofunikwa plastiki, mwandiko wa Bi Jong-suk: *Mwenye homa arudi nyumbani.* Kuna walionung'unika, "Sasa jasho tulitolee wapi?" Naye huwajibu, huku akipiga kofi paja la mtu mwingine, "Chini ya blanketi lako. Daktari akishakupa dawa." Na Oktoba ikifika huwauliza mmoja mmoja wakiwa wamelala hapo hawana pa kukimbilia: umechomwa? Lini? Usiniambie zamani, mimi nalijua hilo neno.

Jumapili ile ya tarehe kumi na tisa, siku ambayo hamamu hujaa kuliko zote, aliacha kitanda chake kitupu akapanda basi la Wonju. Yeo-jin alifungua mlango akiwa na kipimajoto mkononi. Hakuanza na salamu. Mama Sang-uk akavua kofia mwenyewe, akainamisha paji la uso.

"Thelathini na sita na nusu," Yeo-jin akasoma. "Ingia, Mama."

Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa barakoa, akaketi sakafuni akaegemea ukuta. Yeo-jin akamwekea mtoto mapajani.

Hakuwa tena na mikono ya kuku. Alikuwa amejaa, shingo imekunjana mara tatu. Mama Sang-uk akaingiza kidole kwenye mkunjo wa katikati, akakitoa, akakitazama. Maziwa yaliyokauka, yameviringika, madogo meupe.

"Yeo-jin! Lete kitambaa na maji ya vuguvugu."

"Kuna nini?"

"Anazo! Nongo! Siku mia na kumi na tano anaziwekea akiba!"

Akamfuta polepole, mkunjo baada ya mkunjo, nyuma ya masikio, kwenye makwapa. Alipomaliza mbele, mkono wake ukafanya ulichozoea. Ukampiga mtoto kofi dogo sana pajani, ageuke.

Seo-dam hakugeuka. Alikuwa bado hajui kugeuka. Alimtazama tu bibi yake, akaishika barakoa yake kwa vidole vitano na kuivuta.